Kikokotoo cha Marehemu Fahmi

Thoya, mpelelezi wa kukodiwa, alifika Kizingo, mtaa wa matajiri wa Mombasa, shati limemganda mgongoni, kwa sababu kule watu huenda kwa magari yao, na mwenye kutembea kwa miguu hutazamwa na kila mlinzi kana kwamba ameiba kitu. Wakili Beryl alikuwa na ofisi katika chumba cha chini cha nyumba aliyokuwa akiishi, ndani ya ua wenye miti mikubwa. Kulikuwa kimya hata mngurumo wa feni ulisikika kama mtu wa tatu mezani.

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili tu. Kimoja ni simu. Cha pili ni kikokotoo cheusi, kizito, chenye vitufe vingi kuliko vidole vya watu wawili.

"Kaa, mzee Thoya," alisema Beryl. "Huyu ni Tony, mtaalamu wa kampuni. Ametoka Nairobi jana."

Tony aliinua kidevu kidogo, ndiyo salamu yenyewe. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi iliitwa Orlan, na kikokotoo kile kiliitwa F7. Orlan iliacha kuvitengeneza zamani, lakini ofisi za mizigo bandarini hazikuviacha, kwa kuwa F7 ilikuwa na kitufe cha siku. Unaingiza tarehe na saa kontena lilipoteremka, unaingiza na lilipotoka, nayo inakwambia limekaa siku ngapi.

"Sasa tazama simu," alisema Tony.

Thoya akatazama. Kwenye kioo cha simu palikuwa na F7 nzima, vitufe vile vile, mpangilio ule ule, na tarehe imekaa pembeni juu kama kwenye ile ya mezani. Chini yake paliandikwa jina: Fahmi.

"Nani Fahmi?"

"Marehemu," alisema Beryl. "Alikuwa karani wa mizigo. Mkewe, Fairuz, alisomea kompyuta chuoni. Yuko Kibokoni, Mji wa Kale. Aliwapa hii programu wafanyakazi wenza wa mumewe, wakapeana, na sasa imo kwenye simu za nusu ya bandari. Orlan nao wanataka kutoa ya kwao ya simu. Ndiyo maana uko hapa. Nataka kujua neno moja: alinakili, au hakunakili?"

"Mbona macho yananiambia amenakili?"

"Macho hayatoshi kortini. Sikiliza nikueleze, nisikutume gizani. Hesabu haina mwenyewe. Kujumlisha, kugawa, kuhesabu siku, hayo mtu yeyote anaweza kuyaiga. Kama alikaa na F7 ya mumewe, akaitazama inavyofanya, kisha akaandika programu yake ifanye vile vile, mimi sina la kumwambia. Lakini ndani ya F7 mna maagizo yaliyoandikwa na watu wa Orlan, mstari kwa mstari. Hayo ni maandishi kama kitabu. Akiyatoa mle na kuyatia kwenye simu, akawagawia watu, sheria ya hakimiliki inamshika."

"Hata kama hiyo F7 ni mali yake?"

"Ukinunua kitabu ni chako. Kiuze, kichome, kizuilie mlango. Kukichapa upya ukawapa watu huwezi."

"Na angeyatoa hayo maagizo akakaa nayo mwenyewe?"

"Hapo mawakili tungebishana mpaka tule chakula cha jioni. Huyu hakukaa nayo."

Thoya akamgeukia Tony. "Wewe ndiye fundi. Si uifungue hiyo programu uone ilivyoandikwa ndani?"

"Imefungwa. Naona inachofanya, sioni ilivyoandikwa."

"Na kuifungua kwa nguvu bila amri ya korti," alisema Beryl, "ni kumfanyia yeye lile tunalosema ametufanyia sisi."

Thoya akacheka. Akacheka peke yake.

Tony akasogeza kikokotoo. "Lakini tuna kitu. F7 ina kosa, na sisi wenyewe tunalijua. Ukikata asilimia kumi na sita mara mbili mfululizo, tarakimu ya mwisho hupungua moja. Lilitoka kiwandani hivyo. Sasa jaribu kwenye simu."

Thoya akabonyeza. Tarakimu ya mwisho ikapungua moja.

"Mtu hanakili kosa kwa bahati," alisema Tony.

"Ukiniletea kwamba alinakili," alisema Beryl, "ninaomba amri siku hiyo hiyo. Kompyuta yake itachukuliwa, programu itazimwa, na polisi wataambiwa. Ukiniletea kwamba hakunakili, nafunga faili. Usiniletee baina ya hayo mawili."

Alimpa F7 ya kampuni na ile simu, vyote ndani ya bahasha ya khaki, na Thoya akarudi barabarani na walinzi wakamtazama tena.

* * *

Nyumba ya Kibokoni ilikuwa na mlango mzito na daka lenye viti vya mawe pande mbili. Thoya alipobisha, sauti ya bibi ikajibu kutoka ndani.

"Nani?"

"Naitwa Thoya, bibi. Natoka kwa wakili."

"Wakili mwenyewe hana miguu?"

"Anayo, lakini ananilipa mimi nitumie yangu."

Mlango ukafunguka. Bi Nabiha, mama mzazi wa marehemu, alikuwa mfupi, amejitanda leso mbili, na macho yake yalimpima Thoya kutoka viatu kwenda juu.

"Mke wa mwanangu yuko edani. Hatoki, na mwanamume asiye maharimu wake haingii. Una neno, lisemee hapo dakani. Yeye atakuwa nyuma ya pazia, na mimi nitakuwa hapa katikati kama ukuta."

Thoya akakaa. Maisha yake yote ya upelelezi, tangu alipokuwa askari, alizoea kusoma uso na mikono ya mtu. Hapa alipewa sauti tu, na chini ya pazia la mlango wa ndani ncha ya kidole cha mguu.

"Mwanangu Fairuz, pole na msiba."

"Tumeshapoa." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyesema na watu wengi kwa siku.

"Hii programu uliiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulitazamia wapi?"

"Kwenye kalkuleta ya Fahmi. Nabonyeza, natazama imesema nini, naandika. Nabonyeza tena."

"Kuna mahali umeweka hayo majaribio yako, nikayaona?"

"Hakuna. Niliandika kwenye kompyuta moja kwa moja, nikikosea nafuta palepale. Sikujua kama kuna siku nitaulizwa."

"Na ulikaa ukabonyeza muda wote huo?"

"Nina pa kwenda?"

Bi Nabiha akaingilia. "Mchana wabonyeza, usiku wabonyeza. Hata mimi nikilala nasikia tiki, tiki, kama panya yuwala mbao. Lakini kompyuta hiyo ndiyo iliyobaki, we bwana. Eda ikisha ndiyo itakayomlisha, maana mimi sina, na babake huko Lamu hana. Mkiichukua, mchukueni na yeye mkamtie mnakojua."

"Bado hatujachukua kitu, bibi."

"Ndiyo nakwambia mapema."

Thoya akaeleza kosa la asilimia. Aliuliza polepole, akikiangalia kile kidole cha mguu.

"Nalijua," alisema Fairuz. Kidole hakikutikisika. "Niliweka makusudi."

"Uliweka kosa makusudi?"

"Fahmi alikuwa akiliongeza hilo moja kwa kichwa, bila kufikiri. Ofisi yao nzima huongeza. Kijana akiajiriwa, jambo la kwanza kufunzwa ni hilo: mwisho ongeza moja. Sasa nikiwapa iliyo sawa, wataongeza moja juu ya iliyo sawa, na karatasi zote ziharibike. Kwa hiyo nikaikosesha."

Yalikuwa majibu mazuri. Lakini alishakutana na wezi wengi wenye majibu mazuri.

"Naomba niione hiyo ya marehemu."

Bi Nabiha akaingia, akatoka nayo amefunga kwenye leso kama mtu aliyebeba yai. Ilikuwa F7 kama ile ya kampuni, ila vitufe vyake vilikuwa vimefutika kwa kutumiwa. Thoya akaiwasha. Hesabu ilifanya. Lakini pembeni juu, pale penye tarehe, palikuwa patupu. Akaigeuza. Skrubu za mgongoni zilikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa.

"Nani aliifungua hii?"

Kidole cha mguu kikarudi ndani.

"Khubaib," Fairuz alisema mwishowe. "Fundi wa simu, Majengo. Ilikuwa imeota kutu."

Thoya akafungua pa betri. Hapakuwa na kutu, wala alama ya kutu. Akairudisha kwenye leso yake, akashukuru, akaondoka.

* * *

Thoya mwenyewe alikuwa mpangaji wa Majengo, na kibanda cha Khubaib kilikuwa njia yake ya kila siku. Kijana alikuwa ameinamia simu iliyotolewa matumbo.

"Mzee Thoya. Simu yako imekufa tena?"

"Haijafa. Haipigwi tu."

Khubaib akacheka, lakini alipoona uso wa mzee akaweka bisibisi chini.

"Kalkuleta ya Kibokoni," alisema Thoya. "Uliifungua kwa nini?"

"Kusafisha kutu."

"Kutu ilikuwa wapi?"

"Kwenye betri."

"Nimeona pa betri. Pako kama sahani ya harusi. Anza tena."

Khubaib akatazama barabarani, akatazama simu, akatazama mikono yake. "Yule bibi ndiye aliyeileta. Alisema mkwewe anataka nitoe vyote vilivyomo ndani, nivitie kwenye flashi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Ukatoa?"

"Nilijaribu. Nikagusa pabaya kwa chuma cha moto, nikaunguza upande wa saa. Tangu hapo hesabu inafanya, tarehe haionyeshi. Nikairudisha nikaomba radhi, wala sikuchukua pesa."

"Ulipata kutoa chochote?"

"Sikupata."

"Nani alikuona ukishindwa?"

"Mzee, nani huita watu waje wamtazame akishindwa?"

"Wakati huo programu ilikuwa imeshatoka?"

"Bado. Ilitoka baadaye."

Thoya akaenda zake. Mambo sasa yalikuwa yamejipanga vibaya kwa mjane. Alitaka maagizo yatolewe, na alituma mtu ayatoe. Akamficha mpelelezi jambo hilo. Kisha programu ikatokea, na kosa la kiwandani limo ndani yake. Baina ya hayo na korti palisimama neno la fundi mmoja tu, naye ni mtu mwenye kila sababu ya kusema hakufanikiwa.

* * *

Chumba cha Thoya kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na stuli moja. Alinunua viazi karai vya mtu mmoja, akavila amesimama mlangoni, akanawa mikono, akaketi kitandani. Juu ya stuli akaweka F7 ya kampuni, na kando yake ile simu. Ripoti ilikuwa imeshajiandika kichwani, ilibaki kuandikwa kwa mkono. Lakini alikuwa na mazoea yake ya kazi: hakuandika kitu kabla ya kukigusa mwenyewe.

Akaanza na vitufe vya juu. Kujumlisha huku, kujumlisha kule. Sawa. Kugawa, sawa. Kipeo, sawa. Asilimia mara mbili, kosa huku na kosa kule. Akaingiza kontena lililoteremka asubuhi ya mwezi fulani likatoka mchana wa mwezi mwingine. Siku sawasawa. Akaingiza jingine, na jingine, yote ya saa za kazi, kama karani angefanya. Sawa. Nje watoto waliitwa ndani mmoja mmoja. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akisema na mkewe, maneno hayasikiki, sauti tu.

Msikiti wa karibu ukaanza kuadhini magharibi.

Thoya aliinua macho, na alipoyarudisha kwenye stuli aliona kitu. Kwenye F7 tarehe ilikuwa ile ile ya tangu asubuhi. Kwenye simu tarehe ilikuwa ya kesho.

Alidhani amebonyeza kitu. Akaifunga programu, akaifungua. Ya kesho. Akatazama saa ya simu yenyewe juu kabisa: saa ilikuwa sawa, na simu nayo ilijua kwamba leo ni leo. Programu peke yake ndiyo iliyokuwa imevuka.

Akaingia kwenye saa ya simu, akairudisha nyuma mpaka alasiri. Programu ikarudi leo. Akaisogeza polepole. Saa kumi na mbili, leo. Na robo, leo. Saa kumi na mbili na nusu jioni, kesho. Akafanya hivyo hivyo kwenye F7, akaipeleka saa yake mbele mpaka usiku. Ile haikuwa na habari. Ilivuka saa sita ya usiku, kama serikali.

Sasa akaingiza kontena la kubuni, la mwaka juzi, limeteremka saa mbili za usiku na kutoka keshoye asubuhi. F7 ikasema siku moja. Simu ikasema hakuna siku iliyopita. Akajaribu la miaka mitano nyuma. Jibu lile lile. Popote alipotia saa ya baada ya magharibi, programu iliihesabu katika siku inayofuata. Makarani wasingeliona hilo, kwa kuwa wao huandika makontena ya mchana na kufunga ofisi kabla ya adhana.

Thoya alikuwa Mgiriama wa Kanisa, lakini alikuwa ameishi na watu wa Mji wa Kale muda wa kutosha. Akakaa kitandani na mikono magotini. Mashine iliyonakiliwa hukosea pale inapokosea mama yake. Hii ilikuwa imekosea mahali ambapo mama yake hakukosea, na mtu wa kiwandani huko Ulaya hangeweza kukosea hivyo hata akilewa.

Akampigia Beryl.

"Kesho uje Kibokoni wewe mwenyewe," alisema. "Na huyo Tony. Mimi mlango wa ndani siupiti, wewe utaupita."

* * *

Gari la Beryl liliachwa mbali, maana kule ndani vichochoro havipitishi gari. Bi Nabiha alipowaona watatu mlangoni akamshika Beryl mkono.

"Wewe mwanamke, pita. Hawa wawili wakae hapo na jua lao."

Beryl akapita nyuma ya pazia. Tony akaketi upande mmoja wa daka, Thoya upande wa pili, na mama wa marehemu akasimama katikati kama alivyoahidi jana.

"Fairuz," alisema Thoya. "Nina swali moja, kisha nitakuwa na la pili. Marehemu alifariki siku gani?"

"Ijumaa," alisema Fairuz.

"Saa ngapi?"

"Baada ya isha. Saa mbili na kitu, usiku."

"Karatasi ya hospitali inasema siku gani?"

"Alhamisi." Sauti ikapanda kidogo. "Karatasi ya hospitali inasema Alhamisi."

"Bibi," Thoya akamgeukia Bi Nabiha, "siku hubadilika saa ngapi?"

"Weye umekaa Mombasa miaka mingapi, waniuliza swali la mtoto wa chuo cha Kurani? Jua likizama, siku imekwisha. Mwanangu alikufa usiku wa Ijumaa."

Tony alikuwa ameacha kuchezea simu yake.

"Swali la pili," alisema Thoya. "Katika programu yako, kitufe cha siku ulikiandika lini?"

"Hicho ndicho cha kwanza," alisema Fairuz nyuma ya pazia. "Vingine vyote vilifuata. Wifi yangu alikuwa akisema eda yangu ihesabiwe kwa karatasi ya hospitali, mama akasema kwa magharibi. Miezi minne na siku kumi, na kila aliyekuja kutupa pole alikuwa na hesabu yake. Nikataka kitu kihesabu, nisibishane na mtu. Kalkuleta ya Fahmi saa yake ilikuwa imeungua, haionyeshi siku, sikuwa na pa kutazamia. Nikaiandika siku kama ninavyoijua. Kwani imekosea?"

"Haijakosea kwako," alisema Thoya. "Imekosea kwa bandari."

Tony akainama mbele. Alisema kwa sauti ya chini, lakini daka ni jembamba. "Mzee, hilo si ushahidi. Anaweza kuwa amenakili yote, kisha akabandika siku yake juu."

"Anayebandika kiraka hubandika palipotoboka," alisema Thoya. "Nimeingiza tarehe za miaka mitano nyuma. Zote zinaanzia magharibi. Hicho si kiraka, ni nguo yenyewe ilivyoshonwa. Na mwizi anayetaka kujificha angeanza kuondoa lile kosa la asilimia mnalolijua nyote. Yeye ameliacha, akaenda kubadilisha kitu ambacho karani hakitazami? Wewe ungeiba hivyo?"

Tony akaegemea nyuma, akatia simu yake mfukoni.

"Kwa nini ulinificha habari ya Khubaib?" Thoya aliuliza pazia.

Bi Nabiha akatazama chini.

"Niliona haya," alisema Fairuz. "Fahmi alikuwa akiweka nambari humo ndani. Ina mahali pa kuweka nambari, ukizima hazipotei. Alipougua alikuwa bado akibonyeza kitandani, anahesabu, anaweka. Sikumuuliza anahesabu nini. Alipokufa nikaogopa kubonyeza nisije nikazifuta. Nikamwambia Khubaib atoe vyote, kwa kuwa sikujua nambari zake zimekaa wapi. Hayo maagizo ya kampuni nilikuwa nayatakia nini? Kubonyeza tu kulitosha."

Nyuma ya pazia Beryl akauliza jambo kwa upole, na Fairuz akamjibu kwa upole. Walisema muda. Thoya alisikia kiti kikisogezwa, kikombe kikiwekwa. Kisha sauti ya Beryl ikatoka kavu, ya kazini.

"Tony, unanisikia? Wa kuthibitisha kunakili ni sisi, si yeye wa kuthibitisha kwamba hakunakili. Nilichokuwa nacho ni kosa moja, nalo limepata maelezo. Nitawaandikia Orlan leo kwamba hakuna kesi. Kompyuta haiguswi."

Bi Nabiha akaachia pumzi, akaketi palepale chini kwenye kizingiti, leso imemshuka begani na hakuiokota.

"Watu wa bandari utawarekebishia siku?" Beryl aliuliza.

"Nitawarekebishia," alisema Fairuz. "Yangu nitaiacha." Halafu: "Huyo wa kampuni bado yuko hapo dakani?"

"Yuko," alisema Thoya.

"Muulizeni, kama hana ubaya. Yeye anazijua hizi mashine. Nambari za Fahmi bado zimo?"

Bi Nabiha akainuka, akaleta ile leso, akaifungua magotini mwa Tony. Tony akatoa bisibisi ndogo mfukoni. Alizifungua skrubu moja moja, akaziweka juu ya jiwe, akainua kifuniko. Aliinamia muda mrefu. Pale alipogusa Khubaib palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele.

Alipoinua uso hakuwa yule wa Kizingo. Akamsogelea Thoya.

"Chipu ya saa ndiyo inayoshika na hizo nambari," alinong'ona. "Ikiungua moja, imeungua na nyingine. Mwambie wewe. Mimi sijui nimwambieje."

Thoya alitazama pazia. Kidole cha mguu kilikuwa kimerudi pale chini, kimetulia.

"Fairuz, mwanangu. Hazimo."

"Zote?"

"Zote. Ziliungua pamoja na saa."

Pazia halikutikisika. Feni ya ndani ilizunguka. Beryl hakutoka.

"Basi nimejua," alisema Fairuz. "Nilikuwa nabonyeza vingine vyote, hicho cha kutoa nambari nakipita. Miezi yote hii nakipita." Kisha akasema, kama mtu anayewaaga wageni, "Ahsanteni. Mumefanya kazi yenu."

Tony alirudisha kifuniko, akakaza skrubu kwa uangalifu mkubwa, ingawa hapakuwa tena na cha kuharibu. Alifunga leso mwenyewe, mafundo mawili. Thoya akasimama.

Bi Nabiha alikuwa ameshageuka kwenda ndani. Alisema bila kutazama nyuma, sauti yake imepungua ukali wa jana.

"Mkitoka, urudisheni mlango."

Thoya akaurudisha.